Pipa lenye siku tatu za kuishi

Nilikaa mezani dakika ishirini nzima nikimsubiri mhudumu aje aniulize lile swali ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kuingia baa analijua: ya moto au ya baridi? Hakuja mtu. Kuni zilikuwa zinawaka kwenye meko ya mawe, mbwa mweusi amejilaza mbele yake kama mwenye nyumba, wazee wanne wanaongea taratibu karibu na dirisha, na mimi nimekunja mikono kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Shemeji alipomaliza kuegesha gari akaingia na kunikuta hivyo, alicheka mpaka mbwa akainua kichwa.

"Shemeji, huku utakesha. Hakuna anayeletewa. Unajinyanyua, unakwenda kaunta, unasema shida yako, unalipa hapohapo, unabeba glasi yako mwenyewe."

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwezi wa Novemba, katika kijiji kimoja cha mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba za mawe, kondoo, kuta za mawe, kondoo tena. Shemeji ni mtu wa Tanga, nesi kwa kazi, amemwoa dada yangu, na huu ni mwaka wake wa kumi na sita huko. Pombe hanywi wala hajawahi kuionja. Lakini kila Alhamisi utamkuta kwenye baa hii, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Kaunta yenyewe ina siri zake. Hakuna foleni, watu wamesimama tu, huyu anasoma gazeti, yule anamkuna mbwa. Ila kila mmoja anajua nani alitangulia, na ukimruka mtu hutasikia neno, utasikia ukimya. Zamu yangu ilipofika, mwenye baa, mama wa miaka sitini hivi mwenye mikono ya mkulima, alinionyesha vishikio vitatu virefu vya mbao vilivyosimama juu ya kaunta, kila kimoja na kibao chenye jina la bia. Nikamuuliza ipi nzuri. Akanimiminia kidogokidogo kwenye glasi tatu ndogo nionje, bila kunidai. Kisha akasema jambo lililonifanya nitoe daftari mfukoni.

"Hii niliifungua jana. Hii ni ya Jumanne, imebaki kidogo. Na hii ni ya leo asubuhi, bado changa."

Mimi nimezaliwa Rombo. Bibi yangu alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya kienyeji, na hivyo ndivyo alivyokuwa akisema na wateja wake: hii changa, hii imeiva, ile ya juzi kama huogopi. Tangu nianze kunywa bia ya kiwandani sijawahi kumsikia mhudumu akinieleza bia ina siku ngapi. Chupa haina siku. Chupa ina tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye lebo, nayo iko mbali kiasi kwamba hakuna anayeisoma.

Hapo ndipo ilipo tofauti yote. Bia nyingi za chupa na za mtungi wa chuma huchujwa kiwandani mpaka hamira yote itoke, au huchemshwa kidogo ili vijidudu vife, kisha husukumwa kwa gesi ya kaboni hadi kwenye glasi. Hukaa miezi bila kubadilika, maana ndani yake hakuna kinachoishi. Hii ya vishikio vya mbao, ambayo Waingereza wanaiita bia halisi, huondoka kiwandani na hamira yake ikiwa hai. Inafika kijijini bado inafanya kazi, na kazi hiyo inamalizikia ndani ya pipa, chini ya sakafu ya baa. Kwa maneno mengine, mpishi wa kiwandani anaipika nusu, na mwenye baa anaimalizia. Ukimpa mtu asiyejua, au asiyejali, atakuletea siki.

Joto lake nalo si la moto wala la baridi. Stoo ya chini hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na bia hutoka hivyohivyo. Watalii huilalamikia kuwa ni vuguvugu. Kwa mzee wa Kitanzania anayeagiza ya moto hata Dar es Salaam mwezi wa Januari, hii ni baridi ya kutosha kabisa. Mimi nilichukua ile ya jana. Ni bia ya rangi ya chai ya rangi, isiyo kali, kilevi chake asilimia 4 hivi, yenye uchungu wa majani ya hopsi unaobaki nyuma ya ulimi. Uchungu huo ulinikumbusha msesewe, gome tunalotia kwenye mbege. Povu lilikuwa zito kama maziwa. Watu wa kaskazini wanapenda povu, na hufunga mwishoni mwa bomba kidude chenye matundu madogo ili lijitokeze. Watu wa kusini wanasema kidude hicho kinaiua ladha, na tena povu si bia, mtu amelipia painti nzima ya mililita 568 na anataka ijae hadi ukingoni. Nimeshuhudia ndoa zikijadiliwa kwa hasira ndogo kuliko hiyo.

Waingereza huziita nyumba hizi pabu, neno lililokatwa kutoka kwa jina lao la zamani, nyumba ya umma. Asili ya nyingi ni sebule ya mtu. Katika Uingereza ya zamani pombe ilipikwa majumbani na wapishi walikuwa wanawake, kama ilivyo uchagani, na mama akiwa na pombe iliyoiva alisimamisha mti mbele ya nyumba na kufunga matawi kwenye ncha yake. Msomaji aliyewahi kupita vijijini Rwanda ataelewa mara moja, maana huko jani la mgomba likisimamishwa nje ya nyumba watu hujua kwamba urwagwa upo. Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliagiza kila anayeuza pombe aweke alama nje, na kwa kuwa wanywaji wengi hawakujua kusoma, alama zikawa picha. Ndiyo maana hadi leo baa hizi zina majina ya vitu vinavyochoreka: Simba Mwekundu, Kulungu Mweupe, Jembe, Kengele. Royal Oak, Mwaloni wa Kifalme, unautaja mti ambao Charles II alijificha ndani ya matawi yake mwaka 1651 baada ya kushindwa vita vya Worcester. Zile kubwa zaidi, zenye geti pana na uwanja ndani, zilikuwa nyumba za wageni: farasi wa magari ya abiria walibadilishwa hapo, msafiri akala, akalala. Reli ilipokuja nyingi zikafa. Zilizobaki zinauza chakula cha Jumapili na kulaza wapanda milima.

Nilimwomba mwenye baa anionyeshe chini. Akaniangalia viatu, akasema tahadhari na kichwa.

Ngazi ilikuwa ya mawe, imelika katikati kwa karne za miguu. Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zimepakwa chokaa, kisafi kuliko jikoni nyingi ambako nimekula. Mapipa sita yalilala chali kwenye fremu za mbao, yamekingwa kwa kabari yasisogee. Yalikuwa ya chuma. Nilitegemea mbao, na nadhani uso wangu ulionyesha, kwa sababu mama alinieleza bila kuulizwa kwamba mapipa ya mbao siku hizi ni ya wachache, na kwamba kinachoifanya bia iwe halisi ni kilichomo ndani. Pipa la kawaida la baa ni la galoni 9, lita 41 hivi. Glasi 72. Naomba msomaji aishike namba hiyo, tutairudia.

Juu ya tumbo la pipa kuna kizibo kikubwa. Pipa likishapumzika, mama hupigilia katikati ya kizibo hicho kijiti laini chenye vinyweleo, kama mwanzi. Gesi huanza kupumua kupitia kijiti, na povu huchungulia juu yake. Alinipa kitambaa nifute. Nikafuta. Baada ya sekunde chache povu likachungulia tena. Huo ndio uhai wenyewe, na kazi ya mtunzaji ni kuutazama: povu likipanda kwa haraka, bado, likichelewa, linakaribia, likitulia kabisa, toa kijiti laini, weka kigumu, gesi iliyobaki isitoroke. Hakuna saa ya kukuambia. Mapipa mawili ya kiwanda kimoja, ya siku moja, huiva kwa nyakati tofauti. "Kama watoto," alisema, na mimi nikafikiri kama mbege, lakini sikumkatiza.

Kisha inakuja koki. Mbele ya pipa kuna kizibo kingine kidogo, na koki hupigiliwa hapo kwa nyundo ya mti. Mama akanikabidhi nyundo. Akasema nipige mara moja, kwa nguvu, bila kusita. Mimi nilipiga kwa adabu, kama mgeni. Koki ikaingia nusu, bia ikaruka kama bomba la maji lililopasuka Manzese, ikanilowesha sweta kuanzia kifuani hadi mfukoni mwa daftari. Akainyakua nyundo na kumaliza kwa pigo moja. Hakucheka mpaka tulipofika juu, na huko alimsimulia kila mtu.

Pipa likishatobolewa huachwa tena siku moja au mbili litulie, mashapo ya hamira yashuke. Na hapa msomaji wa Mwanza asogee karibu. Ili mashapo yashuke haraka na bia ing'ae, watengenezaji wengi hutia kimiminika kinachotokana na kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Sisi tunakijua: bondo. Mabondo ya sangara wa Ziwa Viktoria yanayokaushwa na kusafirishwa Mashariki ya Mbali, yanayouzwa kwa bei inayozidi mnofu wenyewe, ni kiungo hichohicho cha samaki. Kikiyeyushwa hugeuka utelezi unaoikamata hamira na kuivuta chini. Zamani Waingereza waliagiza vifuko vya samaki wa mito ya Urusi. Siku hizi wasiokula vitu vya wanyama wamelalamika, na viwanda kadhaa vimeacha, bia yao wakaiuza ikiwa na ukungu kidogo. Mbege haijawahi kung'aa na hakuna aliyeilalamikia.

Bia haipandi juu kwa gesi. Inavutwa kwa mkono. Mashine ya kuvutia bia ilipata hataza mwaka 1797 kwa jina la Joseph Bramah, fundi wa makufuli, na kimsingi haijabadilika: unavuta kishikio, pampu inanyonya, mara mbili au tatu glasi imejaa. Lakini kila glasi inayotoka juu, hewa kiasi hichohicho inaingia kwenye pipa chini. Hewa hiyo ndiyo inayohesabu siku. Tangu glasi ya kwanza una siku tatu, ukiwa fundi labda nne. Baada ya hapo inaanza kuonja kama kadibodi, kisha siki, na mwenye baa mwenye heshima anaimwaga.

Bia ya namna hii ilikaribia kutoweka. Miaka ya 1960 makampuni sita makubwa yalikuwa yamemeza viwanda vya miji midogo, na kila kampuni ilikuwa na maelfu ya baa zake. Kwao bia hai ilikuwa usumbufu: haisafiri mbali, haikai, inahitaji mtu anayejua. Wakaleta bia ya mtungi, iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi, maarufu kuliko zote ikiwa Red Barrel ya kampuni ya Watney. Ilikuwa ileile London na ileile Yorkshire, na mtu yeyote angeweza kuimimina. Msomaji wa Kenya atashangaa kidogo, kwa kuwa kwake neno keg limekuja kwa mlango mwingine kabisa: tangu 2004 Senator Keg imekuwa bia ya mtu wa kipato cha chini, iliyopunguziwa kodi ili kumtoa kwenye chang'aa. Mtungi uleule, nchi mbili: moja inauona mkombozi, nyingine inauona mvamizi.

Mwaka 1971 vijana wanne wa kaskazini magharibi mwa Uingereza walikwenda likizo Ireland, na wakiwa kwenye baa ya kijiji cha Dunquin, pwani ya magharibi, wakalalamikia bia za kwao mpaka malalamiko yakawa chama. Wakakiita CAMRA, Kampeni ya Bia Halisi kama jina lake lilivyotulia baadaye. Wakati huo baa zilizokuwa zikijipikia bia yao wenyewe zilikuwa zimebaki nne tu nchi nzima, mojawapo ikiwa Blue Anchor ya Helston, Cornwall, na nyingine Three Tuns ya Bishop's Castle, ambayo leseni yake ya kupika ni ya mwaka 1642. Chama kikatoa kitabu cha mwongozo wa baa nzuri. Toleo la 1974 lilimshauri msomaji aikimbie bia ya Watney kama tauni. Mchapishaji akaogopa kesi, nakala zikasagwa, maneno yakapunguzwa makali kidogo. Hakuna tangazo bora kuliko hilo. Leo chama kina wanachama zaidi ya laki moja, na viwanda vidogo vya bia hai vimeota kila wilaya.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya ushindi. Ila tuirudie ile 72.

Usiku ule nilifanya hesabu nyuma ya daftari langu lililolowa. Vishikio vitatu, kila kimoja pipa lake, ni glasi 216 kwa siku tatu, toa chache zinazobaki na mashapo. Yaani glasi 70 kila siku. Kijiji hakifiki watu mia mbili ukihesabu watoto, na nusu ya nyumba nzuri zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja wikendi. Jumatatu ya Novemba mama alihudumia wateja tisa. Wawili walikunywa kahawa, na mmoja alikuwa shemeji yangu aliyepita kuacha funguo. Wateja wakipungua, bia inakaa. Bia ikikaa, inaharibika. Ikiharibika, yule mmoja aliyebaki naye anahama. Zamani alikuwa na vishikio vitano, sasa ni vitatu, na baada ya Krismasi hubakisha viwili. Akibaki na kimoja, aliniambia, atauza nyumba.

Hiyo ndiyo hesabu ninayodhani wengi wanaoandika kuhusu baa hizi wanaikwepa, wakapenda kuzungumzia meko na mbwa. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa kama 60,000. Sasa zimekaribia 45,000. Sababu zinatajwa nyingi na zote zina ukweli: bia ya dukani ni rahisi, sigara zilipigwa marufuku ndani mwaka 2007, sheria za kuendesha gari baada ya kunywa, gharama za umeme, kodi. Iko pia ile sheria ya 1989 iliyokusudiwa kuwavunja nguvu wale wakubwa sita kwa kuwawekea kikomo cha baa wanazomiliki. Wakaziuza, zikanunuliwa na makampuni ya majengo ambayo hayakuwa hata yanapika bia, na mpangaji akajikuta analazimika kununua bia kwa mwenye nyumba kwa bei ya mwenye nyumba. Mimi nasema tu kwamba katika biashara zote za kijijini, hii imebeba bidhaa yenye siku tatu za kuishi. Duka la kijiji linaweza kuvumilia wiki mbaya. Pipa haliwezi.

Bibi yangu alilijua hili bila daftari. Alipika kwa ajili ya siku ya soko tu, na kiasi ambacho soko lingekimaliza.

Vipo vijiji vilivyoamua kujipigia hesabu vyenyewe. Hesket Newmarket, huko Cumbria, baa yao ya Old Crown ilipokosa mrithi, wanakijiji na marafiki zao zaidi ya mia moja walichanga wakainunua mwaka 2003, na inatajwa kuwa baa ya kwanza Uingereza kumilikiwa kwa ushirika. Nyuma yake kuna kiwanda kidogo, nacho ni cha ushirika, kinachozipa bia zake majina ya milima ya hapohapo. Ukiwa mwenye hisa, bia ikibaki hasara ni yako, basi unakwenda kunywa. Sijaona mfumo wa masoko ulio mwepesi zaidi. Sheria ya 2011 inakiruhusu kijiji kuiorodhesha baa yake kama mali yenye thamani kwa jamii, ikiuzwa wapewe muda wa kutafuta fedha. Wengine hawakuhitaji ushirika, walihitaji ukoo tu: Bell Inn ya Aldworth, Berkshire, imekuwa mikononi mwa familia moja kwa zaidi ya miaka mia mbili, haina hata kaunta, unahudumiwa kupitia kidirisha, na CAMRA wameitangaza baa bora ya nchi mara mbili, 1990 na 2019.

Na vipo visa vya upande wa pili. Karibu na Himley, Staffordshire, kulikuwa na Crooked House, nyumba ya mwaka 1765 iliyozama upande mmoja kwa sababu ya machimbo ya makaa chini yake, ikainama kiasi kwamba gololi ukiiweka mezani ilionekana kupanda mlima. Iliuzwa Julai 2023. Usiku wa tarehe 5 Agosti iliungua, na kabla siku mbili hazijaisha kijiko kikawa kimeisawazisha na ardhi. Polisi walilichukulia suala la moto huo kuwa ni la kuchoma kwa makusudi. Watu walikwenda kuweka maua kwenye kifusi, kama msibani. Februari 2024 halmashauri iliagiza ijengwe upya ilivyokuwa, na kwa waliokuwa wameitembelea hiyo ilimaanisha ijengwe ikiwa imeinama.

Kuna na Tan Hill, ambayo siwezi kuiacha kwa sababu ya ubishi wa kwetu. Ipo Yorkshire hiyohiyo, peke yake kwenye nyika, na ndiyo baa iliyo juu kuliko zote Uingereza: mita 528. Nilimwambia shemeji kwamba stendi ya Moshi iko juu zaidi ya hapo. Mwishoni mwa Novemba 2021, dhoruba ya Arwen ilipoangusha theluji, watu zaidi ya 60 walikwama humo siku tatu, pamoja na bendi iliyokuja kuiga nyimbo za Oasis. Walilala sakafuni, wakacheza michezo, wakachanga fedha kuwashukuru wahudumu. Walipofunguliwa barabara wengine hawakutaka kuondoka.

George Orwell, yule wa Shamba la Wanyama, aliandika makala gazetini mwaka 1946 akiisifu baa anayoipenda kuliko zote, sifa baada ya sifa, kisha akakiri kuwa haipo. Nilifikiri juu ya hilo nilipomuuliza shemeji, tukiwa tumekaa sasa, yeye na glasi yake ya soda ya tangawizi, siku ya kwanza ilikuwaje.

Alichukua muda. "Niliingia, wakanyamaza. Wote. Hata mbwa, yule wa kabla ya huyu." Alikuja mara ya pili kwa sababu gari lilikuwa limezima na alihitaji kupiga simu. Ndipo alipoona pale dirishani wazee wawili wanacheza dhumna. "Shemeji, mimi nimekulia barazani Ngamiani. Nikaona mtu ana kete ya kufunga na anaiacha. Nikashindwa kuvumilia, nikasema."

Hakualikwa kukaa siku ile. Alialikwa wiki iliyofuata, mchezaji mmoja alipougua mgongo. Nyumba ya umma, nikamwambia. Akasema umma una vyumba vyake, na wengine wameufungua mlango huu wakaufunga kwa nje wasirudi tena, na hawakukosea. Yeye alikuwa na dhumna. Sasa yumo kwenye timu ya baa, wanashindana na vijiji vya jirani wakati wote wa baridi, na anapowaletea sambusa za dada yangu hazifiki kwenye meza ya wageni.

Dhumna yao si kama yetu. Wanauita mchezo wa tano na tatu: kila ukiweka kete unajumlisha ncha mbili za mstari, na jumla ikigawanyika kwa tano au kwa tatu unapata pointi. Inayotafutwa ni kumi na tano, kwa kuwa inagawanyika kwa zote mbili na inakupa nane kwa mpigo. Pointi hazisemwi kwa sauti; zinachomekwa kwa vijiti kwenye ubao wenye matundu, na wa kwanza kufika 61 ameshinda. Kinachomtesa shemeji ni kwamba kete haipigwi mezani. Inawekwa, kimya, kama unaweka kikombe cha mtu aliyelala.

Usiku ule kulikuwa na mechi, na saa tatu na nusu wageni walikuwa wakiongoza. Mama alivuta kile kishikio cha bia ya Jumanne, kikakohoa hewa na povu. Akakigeuza kibao chake kikatazama ukuta, ishara ya kwamba imekwisha, akachukua nyundo chini ya kaunta akashuka ngazi kulitoboa pipa la Jumamosi. Mstari wa dhumna ulikuwa na tatu ncha moja na sita ncha ya pili. Shemeji akaitoa sita-sita, akainyanyua juu kabisa kama mtu wa Ngamiani, mkono ukasita hewani, akaishusha polepole akailaza. Kumi na tano.

"Nane," akasema mzee wa kando, akachomeka kijiti.

Chini ya sakafu tukasikia pigo. Moja tu.